Maziwa ya jioni yanakatika kituoni: kasoro iko wapi?

Mfugaji wa Mbarara:
Ndugu wafugaji, nawasalimu. Mimi na mke wangu tunafuga ng'ombe watatu chotara wa Friesian nje kidogo ya mji wa Mbarara, na kwa siku tunakamua lita 30 hivi, 18 alfajiri na 12 jioni. Kituo cha kupozea maziwa hupokea asubuhi tu, kwa hiyo ya jioni hulala nyumbani, kisha tunayachanganya na ya alfajiri na kuyapeleka kwa bodaboda. Wiki hii yamekataliwa mara mbili: mpokeaji aliyatia spiriti kidogo kuyapima, yakakatika (yakaganda vibonge) papo hapo, tukarudi nayo yote nyumbani. Jana tulipeleka ya alfajiri peke yake, yakapokewa bila neno. Ng'ombe mmoja amezaa wiki tatu zilizopita. Je, tumkague yeye?

Mama Ndama, Masaka:
Pole sana, kaka. Mimi ningeanza na kiwele. Kamulia michirizi miwili mitatu ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona vibonge au majimaji, chuchu hiyo inaumwa, na maziwa yake hayafai kuchanganywa na mengine. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya ng'ombe kuzaa, nayo hukatika kwa spiriti, ingawa baada ya wiki tatu inapaswa kuwa imekwisha.

Mzee wa Kiruhura:
Ushauri wa dada ni wa kufuatwa kila siku, lakini sidhani kama unajibu swali hili, kwa sababu kama kiwele kingekuwa na ugonjwa, hata ya alfajiri yangekatika. Maziwa hutoka na joto la mwili, na katika joto hilo vijidudu huweza kuongezeka maradufu kila nusu saa hivi. Usiku kucha bila kupozwa unatosha kuyachachusha, nayo huharibu yote unayoyamimina juu yake. Hukutuambia yanalala ndani ya chombo gani. Ikiwa ni dumu la plastiki, hasa lililowahi kubeba mafuta ya kupikia, chunguza ndani ya mshikio, mahali brashi isipofika. Tafuta kopo la alumini lenye mdomo mpana, ulisimamishe kwenye karai la maji ya kisima mara tu umalizapo kukamua, ukoroge, na ubadilishe maji kabla ya kulala. Na usichanganye: peleka vyombo viwili, kila kimoja kipimwe peke yake.

Mfugaji wa Mbarara:
Mzee, ni dumu kweli, lile la njano. Nimelipasua kwa panga jioni hii, na ndani ya mshikio nimekuta utando mzito unaonuka kama samli iliyoharibika, ilhali mke wangu hulisuuza kila siku kwa maji ya moto. Viwele vyote vitatu ni safi. Hadi tutakapopata kopo, maziwa ya jioni ni ya ndama na watoto, na ya alfajiri pekee ndiyo yatakwenda kituoni.