Kompyuta ya simuleta ya ndege, niko Mbeya: hela iende kwenye prosesa au kadi ya picha?

Mruka_Uyole (Mbeya)

Wakuu habari za kazi. Nataka kuunda kompyuta ya mezani kwa ajili ya simuleta ya ndege tu, magemu mengine sina haja nayo. Safari zenyewe ni Cessna 172 kati ya viwanja vya Songwe (Mbeya) na Nduli (Iringa), na Q400, ndege ya abiria ya propela, ya Dar kwenda Songwe. Skrini ninayo tayari, inchi 27, 1440p. Bajeti ya vingine vyote pamoja na joystiki ni milioni 3.5.

Duka limenipa njia mbili. Ya kwanza ni kompyuta ya ofisi iliyotumika, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 16, halafu waongeze GTX 1650. Ya pili ni mpya: Ryzen 5 5600, RAM GB 16 kipande kimoja, RTX 4060 ya GB 8, SSD GB 512, na pawasaplai iliyoandikwa 600W ambayo haina jina la kampuni.

Naomba kujua mambo matatu. Hela kubwa iende kwenye prosesa au kadi ya picha? Nichukue X-Plane 12 au Microsoft Flight Simulator 2024, maana intaneti yangu ni bando la simu, usiku inafika Mbps 12 na jioni inashuka hadi 4? Na umeme wa huku unavyopanda na kushuka, niulinde vipi mzigo huu?

Kori_Nane (Iringa)

Mkuu, swali lako la intaneti ndilo linaloamua mengine, kwa hiyo tuanze nalo.

Flight Simulator 2024 imejengwa ili mandhari, na hata sehemu kubwa ya ndege zenyewe, zishuke kutoka mtandaoni wakati unaruka. Watengenezaji wanataja Mbps 10 kuwa kima cha chini na 50 kuwa kiwango kinachofaa. Piga hesabu: Mbps 10 zikivutwa mfululizo kwa saa moja ni GB 4.5. Bando litaungua, na jioni kwenye Mbps 4 utaona ardhi imekuwa kama uji chini ya bawa, majengo yanachomoza ukiwa umeshayapita. X-Plane 12 mandhari yake unaipakua mara moja, inakaa kwenye diski, unaruka bila mtandao. Huhitaji dunia nzima, kwenye ramani ya kisakinishi chagua Afrika Mashariki peke yake. Intaneti itaiomba mara mojamoja kuthibitisha ufunguo, na ukitaka hali ya hewa halisi, ambayo ni data ndogo. Kwa mtu wa bando mimi sioni pa kusitasita: X-Plane 12. Kuna toleo la majaribio la bure, pakua usiku.

Sasa prosesa. Simuleta ya ndege si kama gemu la kupiga risasi. Mwendo wa ndege, mifumo ya chumba cha rubani, hali ya hewa, na kazi ya kupanga nini kichorwe, sehemu kubwa ya hayo hupita kwenye uzi mmoja wa prosesa, yaani foleni moja ya kazi inayofanywa na kori moja. Kori nyingine zinasaidia pembeni, lakini uzi ule ukichelewa, kadi ya picha inakaa inasubiri. Ndiyo maana mtu ananunua kadi ya bei mbaya, akitua uwanja mkubwa fremu zinabaki 25 kwa sekunde vilevile.

Kinachosaidia uzi huo ni kasi ya kori moja na ukubwa wa kashe ya L3, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Data ya simuleta imetapakaa, na prosesa ikiikosa kwenye kashe inabidi iifuate kwenye RAM, ambako ni mbali. Ryzen 5 5600 ina L3 ya MB 32. Ryzen 7 5700X3D na 5800X3D zina MB 96, na zinakaa kwenye bodi (ubao mama) ileile yenye soketi ya AM4. Kwa matumizi yako hiyo ndiyo sehemu ya kuongeza hela. Ukiikosa sokoni, chukua 5600 bila aibu kwenye bodi nzuri ya B550, na upande baadaye bila kubadili kitu kingine. Hakikisha tu BIOS (programu ya msingi ya bodi) imesasishwa kabla ya kuweka X3D, la sivyo inawaka feni na skrini inabaki nyeusi, fundi anaanza kulaumu RAM.

Kumbuka 5600 inakuja na kipozajoto chake kwenye boksi, 5700X3D haiji nacho. Kipozajoto cha mnara wenye feni ya mm 120 kinatosha. Pima upana wa kasha kwanza, maana minara mingi inafika sentimita 15 na zaidi, mfuniko hautafunga.

RAM: GB 32, vipande viwili vya 16, DDR4 3200 au 3600. Kipande kimoja alichokupa muuzaji kinafunga njia moja kati ya mbili za kuelekea kwenye prosesa, na hapo ndipo simuleta inapoumia. Kwenye bodi ya nafasi nne, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM. Isipowashwa, RAM ya 3600 inatembea 2133 au 2400, na hakuna ujumbe wowote utakaokuambia.

Ile ya ofisi iache. Core i5 ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Pawasaplai zake mara nyingi zina plagi za kiwandani zisizolingana na za kawaida, hivyo hata kuiboresha ni mtihani. GTX 1650 ina GB 4 tu, kwa 1440p ni kidogo.

SSD: NVMe ya TB 1. GB 512 itajaa mapema ukianza kuongeza mandhari ya picha za setilaiti.

Ethi_Kwanza (Njombe)

Kori_Nane kamaliza upande wa prosesa. Mimi naongezea umeme, kwa sababu kwa nyanda za juu huku ndio unaoua mashine nyingi kuliko joto.

Hiyo pawasaplai isiyo na jina usiikubali hata ukipewa bure. Tafuta ya 650W yenye alama ya 80 Plus Gold, na usome kibandiko chake ubavuni. Iwe imeandikwa 100–240V. Zipo zinazoandikwa 200–240V tu; laini ikishuka hadi 180 saa za jioni, mashine inazima ukiwa futi 500 kutoka njia ya kurukia. Mzigo wako hesabu yake ni hii: kadi ya picha 115W ikiwa ni 4060 au 170W ikiwa 3060, prosesa chini ya 100W, bodi na RAM na diski na feni kama 50W, skrini 30W. Jumla 300 hadi 350 ikibanwa. Hiyo 650W unaitaka kwa ajili ya miruko ya ghafla na ili feni yake isipige kelele.

UPS (betri ya akiba) usiisome kwa VA, isome kwa wati. Ya 650VA kwa kawaida ni wati 360 tu na ina betri moja ndogo. Kwa mzigo huu utapata dakika chache sana. Chukua kuanzia 1000VA/600W yenye betri mbili, itakupa dakika 10 hivi betri zikiwa mpya, zinatosha kutua na kuzima kwa utaratibu. Iwe na AVR (kirekebisha volti) ndani. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: UPS nyingi za bei ya chini zikiwa kwenye betri hutoa wimbi la ngazingazi, na pawasaplai nzuri za kisasa zina PFC hai (saketi ya kurekebisha mkondo unaoingia) ambayo haipatani nalo. Umeme ukikatika, UPS inalia, kompyuta inazima papo hapo kana kwamba UPS haipo. Omba yenye wimbi safi la sine, na jaribuni palepale dukani: washa kompyuta, fungua kitu kizito, chomoa UPS ukutani.

Ethi. Pima kwa mita kati ya nyutro na ethi kwenye soketi. Ikizidi volti chache, ethi ya nyumba ni ya jina tu, mwite fundi aangalie fimbo na kiungo chake. Ukigusa kasha ukahisi vidole vinawashwa, ndiyo hiyo. Na mvua za Novemba hadi Aprili zikianza na radi, chomoa plagi na waya wa mtandao pia. Radi huingia kwa waya wa ruta vilevile.

Vumbi la kiangazi nalo ulikabili. Kasha liwe na vichujio mbele, feni mbili za kuingiza na moja ya kutoa, ili hewa itoke kwenye mianya badala ya kuingia na vumbi. Mbeya mko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, feni inabeba joto pungufu kuliko inavyobeba Dar. Baridi ya huko inafidia, mradi usifungie kompyuta ndani ya kabati.

Zuluki_27 (Mbeya)

Napingana kidogo kuhusu kuiacha RTX 4060 ipite bila mjadala. Kwa X-Plane 12 kwenye 1440p, kumbukumbu ya kadi ndiyo inayobana. Q400 yenye chumba cha rubani cha picha kali, mandhari ya setilaiti, mawingu, GB 8 zinajaa. Ikijaa, X-Plane haizimi, inapunguza ubora wa picha kimyakimya: maandishi kwenye paneli yanafifia, unabaki kukodoa macho kusoma altimita. RTX 3060 ya GB 12 ni ya zamani na nguvu yake ya kuchora ni ndogo kuliko 4060, lakini hapa ningeichukua hiyo. Faida kubwa ya 4060 ni kutengeneza fremu za kati kwa DLSS (teknolojia ya NVIDIA), na X-Plane 12 haitumii DLSS. Ungekuwa wa Flight Simulator ningeongea mengine. Angalia boksi liandikwe GB 12, maana 3060 ya GB 8 nayo ipo.

RX 6700 XT ya GB 12 nayo inafaa sana, inakula 230W. Ukiona skrini za chumba cha rubani zinametameta kwenye kadi za AMD, ingia mipangilio ya picha ya X-Plane, washa Zink, inayotafsiri michoro ya programu-jalizi.

Kadi ikiwa ya mtumba, fungua GPU-Z kabla hujatoa hela. Kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani, programu hiyo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Na RX 580 ukiona viini 2048 badala ya 2304, hiyo ni toleo dogo, bei ishuke.

Mruka_Uyole (Mbeya)

Shukrani sana wakuu, nimeelewa. Naenda na 5700X3D ikipatikana, B550, GB 32, 3060 ya GB 12, NVMe TB 1, pawasaplai ya 650W. Vimebaki viwili. Joystiki ipi kwa hela itakayobaki? Na mashine itaungwa Kariakoo na kuja kwa basi, kuna la kuangalia?

Kori_Nane (Iringa)

Joystiki: Thrustmaster T.16000M inasoma mwendo wa mbele-nyuma na kulia-kushoto kwa sumaku, hapo haina kipande kinachosuguana, hivyo kitovu hakihami. Zile za bei ya chini zenye potenshiometa zikila vumbi, ndege inaanza kuvuta kulia yenyewe na unadhani ni upepo. Fimbo yake inajisokota pia, kwa hiyo pedali zinaweza kusubiri. Ukishaichomeka, fungua Kidhibiti cha Vifaa cha Windows, kila mstari wa USB hub uondoe ruhusa ya kuzima kifaa kuokoa umeme. Bila hivyo, katikati ya safari ndefu ya Dar hadi Songwe joystiki inakatika na usukani unakufa.

Basi: usikubali ije ikiwa imeungwa yote. Ni zaidi ya kilomita 800, matuta kila kijiji na kona za Kitonga. Kadi ya picha na mnara wa kipozajoto vinaning'inia kwenye bodi iliyosimama, na mtikisiko huo unatosha kung'oa nafasi ya kadi. Wakishaijaribu huko, kadi itolewe irudi kwenye boksi lake. Mnara nao utolewe, lakini kwa utaratibu: mashine ifanye kazi dakika 10 mafuta ya joto (yanayokaa kati ya prosesa na mnara) yalainike, izimwe na kuchomolewa, halafu mnara uzungushwe kushoto kulia kabla ya kuvutwa. AM4 ina pini 1,331 chini ya prosesa, na ukivuta moja kwa moja prosesa inang'oka pamoja na mnara huku imefungwa kwenye soketi, pini zinapinda. Agiza bomba dogo la mafuta ya joto lije na mzigo. Kasha lisafiri limelala, ubao mama ukiwa chini. Likifika asubuhi ya Julai, liache ndani saa chache kabla ya kuwasha, baridi ya buti la basi huacha unyevu kwenye vyuma.

Kuipima, usitumie Songwe peke yake. Majengo ni machache pale, kompyuta yoyote itaonekana nzuri. Pakua kwanza kipande cha ramani cha London, weka ndege Heathrow (EGLL), mchana wenye mawingu, kisha onyesha muda wa CPU na muda wa GPU kwenye skrini. Muda wa CPU ukiwa mkubwa, punguza idadi ya vitu vya ardhini. Wa GPU ukiwa mkubwa, punguza ubora wa mawingu na ulainishaji wa kingo, au washa FSR, inayochora picha ndogo kisha kuikuza. Fremu zikishatulia juu ya 30 Heathrow, hamia HTDA (uwanja wa Dar), panda na Q400 yako, njoo Songwe.