Nimepaka sebule kijivu na sasa inakaa mochwari, nirudie ama kuna dawa?

MamaKaka_Umoja: Habari zenu watu wangu, naombeni ushauri na tafadhali msinicheke. Nimeishi na ile krimu ya landlodi miaka sita nikachoka, nikaomba ruhusa nikaambiwa paka lakini siku ukihama urudishe krimu, sawa. Nikaanza kuangalia mapicha usiku kucha, sebule za kijivu, zinapendeza ajabu. Nikanunua debe la lita nne, ile ya silki yenye inang'aa kidogo, fundi akapiga mikono miwili siku moja. Sofa nilikuwa nimetengenezewa ya kijivu Machi, kapeti nikatoa Eastleigh kijivu, pazia kijivu, na taili za hapa chini zilikuwa kijivu tangu nihamie.

Sasa kwa kadi ya duka ilikuwa kijivu safi imetulia. Kwa ukuta wangu asubuhi ni bluu, saa kumi ni kaa zambarau, usiku tukiwasha stima ndio mochwari sasa. Mtoto ametoka shule akauliza kwani tumehamia benki. Mamangu alikuja Jumapili akakaa na koti mpaka akaenda zake. Nimebaki na elfu tano hivi, nifanye aje?

kasa_boy: Benki 😂😂 huyo mtoto alindwe

rola_na_brashi: Pole mama. Mimi ni fundi wa rangi na nikwambie ukweli, hizo kijivu za dukani huwa zimetiwa tone la bluu ama kijani ama zambarau ama kahawia, na hilo tone ndilo linakusumbua. Chukua karatasi nyeupe bandika kwa ukuta mchana, rangi iliyojificha itajitokeza yenyewe. Ungeniuliza mapema ningekwambia upake kipande cha boksi kwanza, ukitembeze ukuta kwa ukuta asubuhi na usiku, juu ile kadi ni ndogo kaa stempu na unaiangalia chini ya taa za duka. Alafu swali, lita nne mikono miwili sebule nzima? Lita moja ni kama mita mraba kumi kwa mkono mmoja. Hata sebule ya tatu kwa nne haitoshi, huyo aliongeza maji kwa rangi. Angalia karibu na swichi kama krimu haichungulii.

MamaKaka_Umoja: Woi. Inachungulia. Hapo kwa swichi na nyuma ya mlango, nilidhani ni kivuli.

shiru_wa_balbu: Kabla ununue hata brashi toa hizo balbu. Kwa boksi ama kwa shingo ya balbu kuna namba, kaa ni 6500K hiyo ni nyeupe ya kuelekea bluu, ya buchari. Tafuta 2700K ama 3000K, mwambie muuzaji ile ya njano. Mimi niliteseka na ukuta mwezi mzima kumbe shida iko juu ya kichwa.

Guka_Langata: Binti yangu, dirisha linaangalia wapi? Mwezi huu wa saba jua la mchana liko upande wa kaskazini, dirisha la kusini haliambulii kitu, na hii baridi ya Juni mpaka Agosti mawingu yanaweza kukaa wiki nzima, hata nyeupe itaonekana chafu. Usihukumu rangi Julai.

MamaKaka_Umoja: Guka shikamoo. Linaangalia ploti ya jirani, kaa hatua tatu hivi, yenye walipaka bluu mwaka jana.

rola_na_brashi: Mama!! Mbona hukuanza na hiyo. Mwanga wako wote unagonga ukuta wa bluu kwanza ndio uingie kwako.

kasa_boy: Rudisha krimu tu. Hizo picha ni za watu wako na madirisha kaa mageti

auntie_tosha: Msimtishe. Mimi niko na kijivu mwaka wa tano na wageni wanakatalia kwangu. Dada, shida ni vitu vyote kufanana, sofa imepotelea kwa ukuta. Kijivu kinataka mbao na kitu cha kamba kamba. Mimi nilitundika viondo vitatu vya mkonge kutoka Kariokor, nikaweka stuli ya mti haijapakwa kitu, na kikoi ya rangi ya haradali kwa mgongo wa kiti. Pazia toa leo, enda Gikomba kwa za mtumba, tafuta nzito ya rangi ya udongo. Elfu tano inatosha na chenji ya chapo.

MamaKaka_Umoja: Nimerudi. Balbu ilikuwa 6500 kweli. Nimeweka mbili za njano na pazia ya kahawia nimetoa kwa chumba cha kulala kujaribu, na aki zambarau imeisha, usiku ukuta ni kaa jivu la jiko likishapoa. Asubuhi bado bluu bluu lakini hiyo sasa najua ni ya jirani. Fundi nikinunua lita ingine ya kufunika hapo kwa swichi itashikana?

rola_na_brashi: Viraka vitaonekana, silki haisamehi. Paka ukuta mzima kona mpaka kona. Na enda na ile stika ya namba ya rangi iko kwa mfuniko wa debe, usiwaache wakisie kwa macho.

MamaKaka_Umoja: Debe nishapandia sukuma kwa balkoni. Mfuniko ngoja nitafute.