Friston na O'Keefe: kipimo cha h kinatuambia nini hasa?

Mwanafunzi wa uzamili

Habari za leo, wanajukwaa. Nimepangiwa kueleza darasani namna machapisho ya mtafiti yanavyopimwa, nami nimechagua watafiti wawili wa ubongo wa University College London. Wa kwanza ni Karl Friston, ambaye kipimo chake cha h, yaani tarakimu inayounganisha wingi wa makala za mtafiti na mara zinavyonukuliwa na wengine, kimevuka 200 kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma. Wa pili ni John O'Keefe, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014 pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser kwa kugundua seli zinazouwezesha ubongo kutambua mahali tulipo, ilhali kipimo chake kiko chini sana ya hicho. Je, nikisema mbele ya darasa kwamba mchango wa Friston ni mkubwa kuliko wa mshindi wa Nobel, nitakuwa nimekosea?

Mkutubi

Ndugu, utakuwa umekosea. Kipimo hicho kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: mtafiti mwenye h ya 40 ana makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 40. Ina maana kwamba mtu aliyeandika makala tano tu, hata kama kila moja imenukuliwa mara 10,000, h yake ni 5 na haitapanda hadi achapishe nyingine.

Taja pia chanzo cha tarakimu zako. Google Scholar hukusanya hata tasnifu na rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu, kwa hiyo hesabu zake huwa juu kuliko za hifadhidata nyingine za nukuu, kama Scopus au Web of Science. Nimewahi kuona maombi ya kazi ambamo mwombaji alichukua tarakimu yake huku na ya mwenzake kule, kisha akazilinganisha bila haya.

Mchambuzi wa picha za ubongo

Niongeze sababu ambayo sisi tunaotumia mashine za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili, tunaijua kwa vitendo. Mapema miaka ya 1990 Friston alibuni SPM, njia ya kitakwimu ya kubaini ni sehemu zipi za ubongo zinazobadilika mtu anapofanya jambo fulani, na programu yake ikagawiwa bure kwa maabara za dunia nzima. Kila anayeitumia hupaswa kutaja makala za msingi za njia hiyo, awe anachunguza lugha, maumivu au kiharusi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa njia ya kulinganisha ujazo wa tishu za ubongo, ambayo yeye na John Ashburner waliieleza mwaka 2000. Nukuu za namna hii hazisemi kwamba mnukuu ameshawishika na nadharia ya Friston; mara nyingi zinasema tu, "hiki ndicho chombo nilichotumia." Aidha, mwenye chombo hualikwa kwenye miradi mingi, na kila mwandishi mwenza huhesabiwa makala nzima, hata wakiwa thelathini.

O'Keefe alikwenda njia nyingine. Mwaka 1971, akiwa na Jonathan Dostrovsky, alichapisha makala fupi ya kurasa chache kuhusu seli za hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) za panya, zilizotoa ishara panya alipofika mahali fulani tu. Kunasa ishara za seli mojamoja katika mnyama anayetembea ni kazi ya subira, na haizai makala kila mwezi. Makala hiyo imenukuliwa maelfu ya mara, lakini katika h yake inahesabiwa moja tu.

Mhadhiri mstaafu

Wenzangu wameeleza vyema. Mimi ningemtaka mwanafunzi aongeze makala moja ya jarida la Nature ya mwaka 2006, iliyodai kwamba aina fulani ya protini ya amiloidi ndiyo inayodhoofisha kumbukumbu katika ugonjwa wa Alzheimer. Ilinukuliwa zaidi ya mara 2,000, na mwaka 2024 ikaondolewa kwa sababu picha zake zilikuwa zimechezewa. Nukuu zile bado zimo katika hesabu.

Mwanafunzi wa uzamili

Shikamoo Mwalimu, nami nawashukuru nyote. Jedwali nililokuwa nimeandaa kuonyesha nani mshindi kwa kipimo cha h nimelifuta. Nitachukua nukuu ishirini za kila mmoja, nisome sentensi inayozizunguka, nione ni ngapi zinajadili hoja na ngapi zinataja chombo tu.