Siku moja ya ziwa na chai kutoka Taipei: nimpeleke baba wapi?

Binti Tukuyu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa watu waliofika Taiwan, hasa waliowahi kukodi gari na dereva kwa safari ya siku moja. Mdogo wangu anahitimu chuo kikuu mjini Taipei mwezi Juni, na familia imekubaliana kwamba mimi na baba twende kumpongeza.

Baba ana miaka 71. Tangu ujana wake amelima chai Rungwe, katika shamba lisilofika ekari mbili. Miaka yote hiyo amechuma majani mabichi, akayapeleka kituo cha kununulia, yakapimwa na kupakiwa kwenye lori, na habari zake na chai ile zikaishia hapo. Chai anayokunywa nyumbani huinunua dukani kama mtu mwingine yeyote. Nilipomwambia kwamba Taiwan wapo wakulima wadogo wanaochuma, kunyausha, kukaanga na kuuza chai yao wenyewe hapo hapo nyumbani, alinyamaza kidogo, kisha akasema angependa kukaa na mmoja wao hata kwa saa moja. Jambo la pili analolitaka ni kuona ziwa, kwa kuwa kwetu chai na maziwa ya kasoko kama Masoko viko karibu karibu, na yeye hupenda kulinganisha.

Tuna siku moja tu ya kutoka nje ya mji. Katika kusoma kwangu nimekutana na sehemu mbili. Ya kwanza ni Riyuetan, yaani Ziwa la Jua na Mwezi, katika Wilaya ya Nantou, na ya pili ni Qiandaohu, Ziwa la Visiwa Elfu, lililoko Shiding, ambalo watu huliunganisha na mji mdogo wa Pinglin. Ni ipi inayomfaa mzee ambaye goti linamsumbua, na ambaye kilichomtoa nyumbani hasa ni chai? Lugha si tatizo, kwani mdogo wangu atatutafsiria.

Mkazi wa Xindian

Dada, hongera kwa kumpata mhitimu, na nifikishie shikamoo kwa mzee. Nimeishi upande huu wa Taipei kwa miaka sita, na jibu langu halina kusitasita: kwa siku moja, nendeni Shiding na Pinglin. Riyuetan ni mbali. Kwa gari ni takriban saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, kwa hiyo mzee atautumia mchana wake akiangalia barabara kuu badala ya kuangalia chai. Shiding haifiki saa moja na nusu kutoka katikati ya mji.

Kwanza nieleze hilo ziwa lenyewe, kwa maana wengi hufika pale wakitegemea boti. Visiwa Elfu ni sehemu ya bwawa la Feicui, lililokamilika mwaka 1987 kwa kuzuia mto Beishi, na ndilo linalowapa watu wa Taipei maji ya kunywa. Maji yalipopanda yalijaza mabonde, migongo ya vilima ikabaki imejitokeza kama vidole vilivyonyooshwa, na kutoka juu ndivyo vinavyoonekana kama visiwa. Kwa sababu ni maji ya kunywa, hakuna kuogelea wala kupanda boti. Mnasimama juu, kwenye matuta ya chai yaliyokatwa kuzunguka kilima, mnatazama chini. Mzee wako atakachokiona ni mistari ya chai inayoteremka hadi karibu na maji ya kijani, na ukungu ukipita katikati. Mtu wa Rungwe hahitaji kuambiwa ukungu una kazi gani kwenye chai.

Sasa chai yenyewe. Chai ya eneo hili inaitwa baozhong, na jina hilo linatokana na kufungwa: zamani waliipima liang nne (liang ni kipimo cha uzito cha Kichina), ambazo ni gramu 150, wakaifunga kwenye karatasi kwa umbo la mraba. Hata leo mkulima akikuuzia, mara nyingi pakiti huwa ya gramu 150. Ni jamii ya oolong, yaani chai iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi, ila hii imechachushwa kidogo sana, majani yake yamesokotwa marefu badala ya kuviringishwa kuwa vidonge kama oolong za milimani. Wakishachuma huyaanika juani kwa muda mfupi, kisha huyaingiza ndani kwenye matandazo ya mianzi na kuyageuza kwa mikono mara kadhaa, kazi inayoweza kwenda mpaka usiku wa manane, ili kingo za jani zichubuke kidogo na harufu ya maua ianze kutoka. Baada ya hapo huyakaanga ili uchachukaji usimame, huyasokota, na huyakausha. Mzee aliyezoea majani yake kuingia kwenye mashine na kutoka yakiwa punje nyeusi atastaajabu kuona jani likimwagiwa maji na kufunguka zima, pamoja na kikonyo chake.

Hata hivyo, Juni si msimu wa baozhong nzuri. Hiyo huchumwa majira ya kuchipua, karibu na Aprili, na tena mwanzoni mwa baridi. Msivunjike moyo, kwa sababu Juni ina chai yake ambayo naamini itamgusa baba yako kuliko hiyo. Inaitwa dongfang meiren, yaani Mrembo wa Mashariki. Majira ya joto huja kijidudu kidogo cha kijani kinachorukaruka na kufyonza utomvu wa machipukizi. Jani lililofyonzwa hudumaa na kuwa la manjano, na kwa kawaida mkulima angehesabu hasara. Lakini mmea, katika kujitetea, hutengeneza vitu ambavyo vikichachushwa kwa kina hutoa harufu ya asali na matunda yaliyoiva. Ndiyo maana mkulima anayeitaka chai hiyo hawezi kupulizia dawa ya wadudu shambani, kwa kuwa bila wadudu hana chai. Mwombeni mwenyeji awaonyeshe chipukizi lililoumwa na lisiloumwa, yakiwa kwenye kiganja kimoja. Mimi nilionyeshwa hivyo na bibi mmoja wa Shiding na sijasahau: moja lilikuwa limenyooka na kung'aa, na lingine lilikuwa limejikunja kama sikio la panya, nalo ndilo lenye thamani.

Mpango ninaopendekeza ni huu. Ondokeni Taipei saa moja na nusu asubuhi, mfike kwenye matuta ya Shiding kabla jua halijawa kali. Barabara ni nyembamba na ya kona kona, kwa hiyo gari dogo ni bora kuliko basi dogo. Kaeni pale muda mfupi tu. Kisha nendeni nyumbani kwa mkulima mliyekubaliana naye mapema, mkae naye saa mbili kamili, bila haraka. Mchana nendeni Pinglin mle tambi nyembamba zilizochanganywa na mafuta ya mbegu za chai, halafu mwingie Jumba la Makumbusho ya Chai, lililofunguliwa mwaka 1997, lenye ua wa ndani kama nyumba za kusini mwa Fujian. Kama goti litaruhusu, tembeeni kidogo kando ya mto.

Pinglin, nikiongeza kwa kupita, ilikuwa kituo cha kila msafiri wa kwenda Yilan, upande wa pwani ya mashariki, mpaka handaki la Xueshan, la kilomita 12.9, lilipofunguliwa mwaka 2006 na magari yakaanza kupita chini ya mlima. Maduka mengi yalipoteza wateja. Mgeni anayekwenda kwa makusudi, akakaa na kununua, anapokelewa kwa furaha ya kweli.

Onyo moja linalotokana na yaliyonipata. Nilipowapeleka wazazi wa rafiki yangu, dereva tuliyemkodi alitupitisha kwenye maduka mawili ambayo hayakuwa kwenye mpango, saa ya kukaa kwa mkulima ikaliwa, na wale wazee wakarudi wakiwa wamenunua vitu wasivyovihitaji. Andikianeni na dereva mapema: vituo vyote, idadi ya saa, na kwamba hakuna duka lolote la ziada.

Mwana wa Kericho

Namheshimu ndugu wa Xindian na amesema mengi ya kweli, lakini mimi nimefanya kazi Taichung na siwezi kuiacha Riyuetan isukumwe kando hivyo. Dada, tafakari ni chai gani ambayo baba yako ameishika maisha yake yote. Ni chai ya jani pana, ya asili ya Assam kule India, inayotengenezwa kuwa chai nyeusi. Baozhong ni tamu, sikatai, ila kwake itakuwa jambo geni kabisa, wakati kule Yuchi, kando ya ziwa, atakutana na ndugu wa mmea wake mwenyewe.

Wajapani walipokuwa wakiitawala Taiwan walileta mbegu za Assam pale mwaka 1925, na mwaka 1936 wakaanzisha kituo cha utafiti kwenye mlima Maolan, juu ya ziwa, ambacho kinafanya kazi hadi leo. Baadaye chai hiyo ilishuka thamani na wengi wakang'oa mashamba wakapanda mipopoo. Mwaka 1999 kituo kilitoa aina mpya, namba 18, inayoitwa Hongyu, iliyopatikana kwa kuchanganya chai ya jani pana ya Burma na chai pori ya milima ya Taiwan. Mwaka huo huo, tarehe 21 Septemba, tetemeko kubwa lilibomoa eneo lile lote, na watu wa Yuchi walipoanza kujijenga upya, chai nyeusi ilikuwa moja ya vitu walivyovishikilia. Ukiinywa Hongyu bila maziwa wala sukari, unapata kitu kama mdalasini, na mwishoni ubaridi wa mnanaa. Mara ya kwanza nilidhani kikombe hakikuoshwa vizuri. Mkulima akaniwekea mkupuo wa pili, wa tatu, hadi wa tano, na ule ubaridi ulikuwapo kila mara. Nyumbani Kericho nimekunywa strungi tangu utotoni, na sikuwahi kujua kwamba chai nyeusi inaweza kufanya hivyo.

Na ziwa lenyewe ni ziwa. Liko mita 748 juu ya usawa wa bahari, lina boti zinazovuka kutoka Shuishe kwenda Xuanguang na Ita Thao, na katikati kipo kisiwa cha Lalu, ambacho watu wa Thao, wenyeji wa asili wa pale, wanakiheshimu kama makao ya mababu zao. Pale gatini Xuanguang huuzwa mayai yaliyochemshwa kwenye chai nyeusi na uyoga. Kwa mtu mwenye goti bovu, kukaa kwenye boti ni rahisi kuliko kupanda matuta.

Kuhusu umbali, treni ya mwendo kasi kutoka Taipei hadi Taichung ni kama saa moja. Gari liwapokee stesheni ya Taichung, si Taipei, na hapo safari iliyobaki inakuwa ya kuvumilika. Kama mnaweza kulala usiku mmoja, basi msifikirie mara mbili.

Mama Salma

Binti yangu, mimi naongezea dogo tu. Juni mwanzoni ni wakati wa mvua zao wanazoziita mvua za plamu, na baada ya hapo joto huja na unyevu mwingi, kwa hiyo mzee abebe mwavuli, kofia na viatu visivyoteleza, kwani ngazi za mawe kwenye mashamba huota kuvu. Kwa chakula, kama mnaepuka nguruwe, tafuteni migahawa ya mbogamboga, ambayo ni mingi Taiwan kwa sababu ya Wabuddha, na mwambieni mdogo wako aulize pia mafuta waliyopikia. Halafu mzee asinywe chai zote hizo tumbo likiwa tupu. Chai ile haina maziwa, na vikombe ni vidogo vidogo hata mtu hajui amekunywa vingapi.

Mkazi wa Xindian

Ndugu wa Kericho, hoja yako ya jani pana nimeikubali, na kama wangekuwa na siku mbili nisingebishana nawe. Ila tusisahau mzee ameomba nini. Hakuomba chai inayofanana na yake. Ameomba kukaa na mkulima anayeimaliza chai yake kwa mkono wake. Huyo yupo sehemu zote mbili. Tofauti ni muda wa kukaa naye, na katika siku ya Riyuetan muda huo ndio wa kwanza kupunguzwa, maana kuna boti ya kuwahi na treni ya kuwahi.

Dada, mkifika kwa mkulima mwachieni aandae meza mwenyewe. Ataosha vyombo kwa maji ya moto, ataweka majani kwenye bakuli dogo lenye kifuniko, na chai ataimimina kwanza kwenye chombo kimoja cha pamoja ndipo agawe, ili nguvu iwe sawa kwa kila mtu. Huenda akawapa vikombe viwili kila mmoja, kimoja kirefu chembamba na kingine kifupi. Chai humiminwa kwenye kile kirefu, kile kifupi hufunikwa juu yake, vyote hupinduliwa pamoja, kisha kirefu huinuliwa kikiwa kitupu na moto, mtu akakinusa kabla hajanywa. Mwambie mzee asikirudishe haraka mezani. Kinavyopoa, harufu hubadilika.

Binti Tukuyu

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Nimemsomea baba majibu yote jana jioni. Habari ya Riyuetan aliisikiliza vizuri, akauliza kuhusu ile namba 18 mara mbili, na mdogo wangu ameahidi kumnunulia pakiti yake mjini. Lakini nilipofika kwenye kijidudu cha kijani alinisimamisha, akanitaka nirudie, kisha akatoka nje, akarudi na chipukizi lililodumaa kutoka mstari wa chini wa shamba, akaliweka mezani mbele yangu. Basi tunakwenda Shiding.

Mdogo wangu ameanza kumtafuta mkulima atakayetupokea, na gari tutalikodi kwa saa nane, vituo vitatu tu vikiwa vimeandikwa. Baba anataka kwenda na nusu kilo ya chai ya kiwanda chetu ampe mwenyeji. Nimwache tu aipeleke kwenye pakiti ya dukani, au kwa desturi za pale zawadi hufungwa kwa namna fulani?

Mkazi wa Xindian

Mwache aipeleke kwenye pakiti hiyo hiyo, ila aitoe kwa mikono miwili. Na mdogo wako ajiandae kueleza inavyopikwa kwetu, kwa maana mwenyeji atachemsha maji papo hapo aijaribu.