Mpwa wangu anataka kuwa karani mwanafunzi wa Seneti ya Marekani

MdauNyegezi: Wakuu, mpwa wangu yupo kidato cha tatu hapa Mwanza, ana miaka 16. Alizaliwa Marekani, pasipoti anayo. Anaombaje huo ukarani mwanafunzi (Senate Page), yaani kijana wa sekondari anayewasaidia maseneta kazi ndogondogo huku akiendelea na masomo?

Mwl_Buswelu: Uraia anao, vizuri, bila huo safari inaishia hapo. Umri ni 16 au 17, wastani wa masomo B, na awe na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani). Maombi hayaendi Seneti moja kwa moja, yanaenda ofisi ya seneta wa jimbo lake la huko Marekani. Hapo ndipo wengi hukwama: nafasi ni 30 hivi kwa nchi nzima, na si kila seneta anayo. Piga simu kwanza ndipo uandike insha. Matokeo ya shule yaambatane na maelezo ya madaraja ya ufaulu ya Tanzania. Akiona tangazo kama hilo la Baraza la Wawakilishi la Marekani alipuuze, mpango wao ulifutwa 2011.

DadaKirumba: Na awe mtu wa kuamka, masomo huanza alfajiri kabla ya kikao. Wenzake wasio raia wa Marekani waombe ziara ya Bunge Dodoma: barua ya mkuu wa shule, mapema, kupitia mbunge. Aprili hadi Juni ni bajeti, mijadala imechangamka.