Naomba ushauri: gari inakula maji, fundi anasema ni gasketi ya silinda hedi

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua injini. Gari yangu ina wiki mbili sasa inakula maji, kila asubuhi nikifungua rejeta nakuta yamepungua ila chini hakuna hata tone, hozi nimezikagua, wota pampu pakavu kabisa. Ikiwaka inatoa moshi mweupe na hauishi hata injini ikishapata moto.

Fundi wa kwanza kasema ni gasketi ya silinda hedi, ile inayokaa kati ya bloku na hedi kuzuia maji, oili na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) visichanganyikane, hapo nimemwelewa. Sasa wa pili ndo kanichanganya, anataka oveholi nzima, yaani injini ifunguliwe yote ibadilishwe pistoni, ringi zake, mpaka beringi za krenki shafti! Mimi navyojua ringi zikiisha moshi unakua wa bluu na oili ndo inapungua, yangu kwenye dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) ipo vilevile na haijawa kama maziwa, yaani haionyeshi kuchanganyika na maji. Au nakosea?

Nachoomba kwenu, kabla hawajafungua chochote si ingepimwa kompresheni kwanza kila silinda na rejeta ipigwe presha tuone inapovuja? Na hedi ikishuka, ni lazima ikapimwe kama imepinda au wanaweka gasketi mpya tu wanafunga? Bolti za zamani zinarudi? Gari naitegemea sana jamani na naogopa kufunguliwa injini bure, aliyewahi kupitia hili anielekeze tafadhali.