Hivi neno "gumbo" maana yake ni nini hasa, bamia au mchuzi?

Kitunguu Maji: Habari zenu wakuu. Mi niko Houston huku, juzi kazini jamaa mmoja mtu wa Louisiana kaja na sufuria la gumbo tukapakuliwa juu ya wali, mchuzi mweusi mweusi hivi rangi ya chokoleti, ndani kamba, soseji, kuku na vipande vya bamia, ukinyanyua kijiko uzi unakufuata mpaka mdomoni. Nikamwambia aisee huu kwetu ni mlenda, huu wenu umepata viza tu. Kumuuliza gumbo maana yake nini akasema ni mchanganyiko, mwenzake akadai ni Kifaransa. Sasa sikio langu linakataa, gu-mbo, mbona kama la Kibantu? au najipendekeza? Wataalamu njooni.

Mla Mlenda: Umepata viza 😂😂 Mkuu si litakuwa ng'ombe hilo? Supu ya ng'ombe, wazungu ulimi ukagoma.

Ngeli ya Saba: Ng'ombe hayumo kabisa hapo. Kimbundu, lugha ya Luanda na kandokando yake kule Angola, bamia ni *kingombo*, na kwenye Kiumbundu ni *ochingombo*. Hiyo ki ya mwanzo ni ndugu yake ki yetu ya kisu na kitu. Watu walibebwa utumwani wakaenda na neno lao, Wafaransa wakaitupa ki wakabaki na *gombo*, ndo maana hata leo bamia kwa Kifaransa ni gombo. Wa Kispaniola wao hawakuitupa, Cuba bado wanasema *quimbombó*, isome kwa sauti uisikie ki hiyo hapo. New Orleans Wafaransa waliianzisha 1718 na mwaka uliofuata tu meli za watumwa kutoka Afrika zikaanza kushusha watu Louisiana, kwahiyo usishangae. Mchuzi wa bamia ukaitwa bamia basi, kama sisi tunavyosema leo tunakula mlenda. Kuna kitabu cha mapishi cha Mary Randolph wa Virginia cha 1824, gumbo yake ni bamia tupu, maji kidogo chumvi na pilipili manga halafu siagi juu, hamna kamba wala soseji. Hiyo maana ya mchanganyiko imekuja baadae watu walipoanza kutupia kila kitu.

Dada wa Kisumu: Lakini mimi nimeskia ni neno la Wahindi Wekundu, Wachoctaw, kuna unga wa majani ya mti wa sassafras wanauita kombo.

Ngeli ya Saba: Ipo hiyo dada, na unga wenyewe ni wa kweli, siku hizi unaitwa filé, unakoleza mchuzi uwe mzito bila bamia. Ndo maana utakuta gumbo haina hata bamia moja na bado inaitwa gumbo! Ila mi nabaki Angola, kwasababu visiwani Karibi ambako hakuna Mchoctaw hata wa dawa, bamia ni gombo vilevile.

Papa Lushi: Mie mtu wa Lubumbashi. Kwetu ukiongea Kifaransa sokoni unasema gombo na mama anakupimia bamia, hakuna cha kujadili. Kinshasa kwa Kilingala ni dongodongo. Na ukifika Cameroon uwe makini, kule gombo ni hela ya pembeni, mtu akikuambia kuna gombo usilete sahani.

Mla Mlenda: Kwahiyo sisi na bamia yetu ya Kiarabu ndo tumepotea njia 😂

Kitunguu Maji: Nimemsomea jamaa yote haya, kakaa kimya halafu kaniuliza kama nna maneno mengine. Nikampa na *goober*, lile jina la karanga la huko kwao kusini, nalo limetoka nguba ya Kikongo. Kaahidi sufuria lingine Ijumaa. Tatizo nyumbani, mke wangu hali bamia kwa ajili ya ule utelezi. Hawa wa Louisiana wanafanyaje?

Bi Ndimu: Wanazikaanga kwanza peke yake mpaka uzi ukatike ndo wanatia kwenye mchuzi. Na wewe kausha bamia na kitambaa kabla hujazikata mwanangu, usizioshe zikishakatwa. Kamulia na ndimu. Atakula huyo.